Mafaili Mawili ya Namba Nne

Kila asubuhi saa moja na nusu, isipokuwa Jumapili, Serikali ilipita katikati ya kijiji cha Nguvumoja ikiwa juu ya baiskeli. Ilikuwa imevaa kaunda suti ya kijivu iliyopigwa pasi ya mkaa. Mfukoni ilikuwa na kalamu tatu: ya bluu, nyeusi na nyekundu. Ile nyekundu ilikwisha wino tangu mwaka uliopita, lakini Serikali haiwezi kutoka nyumbani na kalamu mbili.

Jina la Serikali hiyo lilikuwa Melkizedek, katibu wa kijiji.

"Shikamoo Katibu!" watoto waliimba kutoka uani.

"Marahaba, marahaba. Nani huyo aliyevaa shati ndani nje? Taifa litajengwaje?"

Mtoto aligeuza shati. Taifa lilijengwa. Baiskeli ikaendelea.

Ilikuwa Januari ya 1975. Wanaoikumbuka Nguvumoja ya mwezi ule hukumbuka kwanza harufu yake: nyasi mbichi za kuezekea, udongo uliokandikwa jana, miti iliyokuwa bado inatoa utomvu. Nyumba zilipangwa mistari miwili kando ya barabara ya Kilosa kwenda Mikumi, zimenyooka kama wanafunzi mbele ya mwalimu mkali. Watu walikuwa wametoka sehemu mbili. Wengine walishuka kutoka Milindo, kule mlimani kwenye migomba na ukungu. Wengine walitoka Chambelo, kule bondeni kwenye mpunga. Jioni wa Milindo walilalamika kwamba huku chini ni joto. Wa Chambelo walilalamika kwamba huku juu ni baridi. Walikuwa wamekaa kwenye gogo moja.

Mke wa Melkizedek aliitwa Katarina. Yeye alikumbuka kengele ya kanisa la Milindo, kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya. Ikipigwa, sauti ilishuka hadi mtoni. Lakini hakuwa mtu wa kulialia. Alilima, alichota maji, na saa kumi alasiri alikwenda darasa la watu wazima na daftari lake ndani ya kanga. Alikuwa amejua kusoma mwaka mmoja tu. Alisoma kwa kidole, neno moja baada ya jingine, bila haraka.

Furaha yao kubwa ilikuwa Fausta, binti yao. Kati ya watoto wote wa darasa la saba wa Milindo, ni Fausta peke yake aliyechaguliwa kwenda sekondari ya bweni ya wasichana. Barua ililetwa mwezi wa Desemba, wiki moja kabla ya kuhama. Ndani yake mlikuwa na fomu ya kujiunga yenye mhuri wa wilaya na sahihi ya Afisa Elimu. Chini kabisa iliandikwa: *Mwanafunzi afike Jumatatu tarehe 20 Januari akiwa na fomu hii. Asiye na fomu hatapokelewa, na nafasi yake atapewa mwingine.*

Katarina aliisoma kwa kidole hadi mwisho. Kisha akafungua sanduku lake la bati.

"Niiweke humu, chini ya kitenge changu cha harusi," alisema.

Melkizedek alishtuka. "Mama Fausta! Karatasi ya Serikali ikae na vitenge?"

"Ikae wapi?"

"Karatasi ya Serikali hukaa serikalini." Aliikunja, akaipeleka ofisini, akaiweka kwenye faili namba 4, faili la Shule. Alilala usingizi mzuri sana siku ile.

Siku ya kuhama ofisi, Melkizedek hakutaka msaidizi. Alitia mafaili ya kila siku kwenye gunia, namba 1 hadi namba 5, akalifunga nyuma ya baiskeli. Hakuhesabu karatasi. Hakuandika orodha. Alishuka nalo mlima akishika breki, huku gunia likirukaruka nyuma kama mbuzi. Mafaili ya zamani aliyaacha kwenye kabati la ofisi ya Milindo, ayafuate baadaye.

Katibu wa Chambelo naye alileta gunia lake, akaliweka sakafuni, akaaga. Yeye alikuwa anahamia Ruaha kwa kaka yake, kwenye miwa.

Hapo ndipo ilipokuja habari kwamba mgeni kutoka wilayani atafungua ofisi mpya kesho yake asubuhi. Melkizedek alitazama yale mafaili. Yalikuwa na masizi, mafuta ya taa na alama za panya. Aliona aibu. Akakata majalada mapya ya karatasi ngumu, akavua yale ya zamani yote na kuyatupa jikoni. Juu ya majalada mapya akaandika kwa mwandiko wake mzuri, wenye mikia: 1 CHAMA, 2 KILIMO, 3 AFYA, 4 SHULE, 5 BARABARA. Aliandika mara mbili, kwa maana mafaili yalikuwa kumi.

Mgeni alikuja, akasifu mwandiko, akala kuku, akaondoka.

Siku ya pili Melkizedek alianza kupanga kabati. Kabati lilikuwa kasha la kupakia sabuni, lenye vyumba vitano. Namba 1 hadi 3 karatasi za juu zilitofautiana, akayaweka mawili mawili. Alipofika kwenye namba 4 alisimama. Mafaili mawili. Jina moja. Namba moja. Mwandiko mmoja. Alifungua la kwanza: karatasi ya juu ilikuwa waraka kutoka wilayani kuhusu ujenzi wa shule mpya. Alifungua la pili: waraka uleule, tarehe ileile.

Bila shaka waraka ulikuwa uleule. Wilaya ilikuwa imeutuma kwa vijiji vyote viwili. Lakini Melkizedek hakufunua karatasi ya pili. Alitikisa kichwa kama hakimu.

"Serikali haihitaji mapacha," alisema.

Siku hizi kijana wa Mikumi huketi mbele ya kompyuta na kuvuta faili kutoka mahali hadi mahali kwa kidole. Akikuta lingine lenye jina lilelile, mashine humsimamisha na kumuuliza: lipo jingine lenye jina hili, niweke hili juu yake? Kijana hubonyeza ndiyo bila kusoma, halafu huja kulia. Kasha la sabuni la Nguvumoja halikuuliza hata hilo. Lilinyamaza tu.

Mlangoni alikuwa akipita Generoza, jirani yao, muuza karanga wa stendi ya Mikumi.

"Katibu, huna karatasi za kufungia? Madaftari ya mwanangu yamekwisha."

"Bahati yako, mama. Chukua hizi. Ni nakala tu."

Generoza alishukuru. Melkizedek alijisikia mtu aliyeisaidia nchi kubana matumizi.

Zilipita wiki mbili. Alhamisi asubuhi, siku nne kabla ya siku ya kuripoti, Katarina alikuja ofisini na Fausta. Binti alikuwa amesukwa nywele tayari.

"Shikamoo baba," alisema Fausta, ingawa walikuwa wamekunywa uji pamoja saa moja iliyopita. Ofisini ni ofisini.

"Marahaba."

"Tumefuata ile fomu," alisema Katarina. "Nataka kujua anatakiwa kwenda na nini."

Melkizedek alivuta faili namba 4 kwa vidole viwili, kama mchungaji anayefungua Injili. Waraka. Akafunua. Barua kuhusu choo cha shule ya Chambelo. Akafunua. Barua ya pili kuhusu choo kilekile. Akafunua. Orodha ya madawati ya Chambelo. Akafunua haraka, kisha haraka zaidi, kisha hakukuwa na kitu cha kufunua.

"Baba, choo cha Chambelo kilikuwa na barua nyingi," alisema Fausta kwa upole.

Melkizedek aligeuza faili juu chini, akalitikisa.

"Baba Fausta," alisema Katarina. "Fomu iko wapi?"

"Iko..." Alifunga faili. "Iko Mikumi."

"Imekwenda Mikumi kufanya nini?"

"Kufunga karanga."

Katarina hakupiga kelele. Ingekuwa heri angepiga. Alikaa kwenye benchi la wageni, akaweka mikono magotini, akatazama ukuta mpya wenye nyufa. Fausta naye alikaa.

Melkizedek alipanda basi la kwenda Mikumi. Alimkuta Generoza kando ya lami, anapokimbilia mabasi ya kwenda Iringa, sinia kichwani, karanga zimesimama ndani ya pembe za karatasi.

"Katibu! Umefuata karanga zangu huku?"

"Mama, zile karatasi. Umebakiwa na ngapi?"

"Karatasi zako zilikuwa nzuri mno. Ngumu, hazipiti mafuta. Zimekwisha jana."

"Zote?"

"Abiria wa Iringa wamekula shule yako yote." Alicheka, kisha akamwona uso. "Kuna nini, baba?"

Alimweleza. Generoza alishusha sinia chini palepale. Alifunua kitambaa, akapekua chini ya karanga, akapekua pindo la kanga yake. Mwishoni alitoa kipande cha karatasi alichokuwa amekiziba kwenye tundu la kopo la chumvi. Kilikuwa nusu ya juu ya fomu. Kilisomeka jina, *Fausta Melkizedek*, na juu yake namba ya kumbukumbu. Nusu ya chini, yenye mhuri na sahihi, ilikuwa njiani kwenda nyanda za juu.

"Hii nusu inafaa?" Generoza aliuliza.

"Sijui, mama," alisema Melkizedek. Lilikuwa ni jambo la kwanza ambalo hakulijua hadharani kwa muda wa miaka sita ya ukatibu.

Ijumaa asubuhi alikuwa Kilosa, boma, mbele ya mlango wa masijala. Masijala ndicho chumba ambamo mafaili yote ya ofisi hutunzwa. Rafu zilipanda hadi dari. Kulinukia karatasi kuukuu na wino, na kutoka stesheni ilisikika treni ikigonganisha mabehewa. Bibi Siwema, karani wa masijala, aliketi nyuma ya mashine ya kuchapa, kanga mabegani, miwani imefungwa kwa uzi.

"Karibu, ndugu. Habari za Nguvumoja?"

"Nzuri, bibi." Kisha akaona haya. "Si nzuri."

Akaeleza yote, pamoja na karanga. Bibi Siwema alisikiliza bila kucheka, ingawa mara mbili alilazimika kusafisha miwani.

"Mimi ndiye niliyewafundisha makatibu namba za mafaili," alisema. "Nilisema: namba, jina la faili, jina la kijiji, na mwaka. Wewe uliandika nini?"

"Namba na jina la faili."

"Ulikaa nyuma, unachekesha wenzako. Nakukumbuka. Lete hicho kipande."

Alisoma namba ya kumbukumbu. Aliinuka, akapita rafu ya kwanza, ya pili, akapanda kigoda, akashuka na faili. Dakika tatu. Ndani yake mlikuwa na karatasi nyembamba, laini, maandishi yake ya bluu hafifu. Ilikuwa nakala ya kaboni ya fomu ya Fausta.

Melkizedek alinyoosha mikono miwili. "Mungu ni mwema. Nipe, bibi. Nitairudisha wiki ijayo."

Bibi Siwema aliibana karatasi kifuani. "Hii haitoki humu."

"Lakini ni ya mwanangu!"

"Na ya kwanza ilikuwa ya nani? Sikiliza, ndugu. Kunakili ni jambo moja, kuhamisha ni jambo jingine. Ukinakili, vitu vinakuwa viwili: kimoja kwangu, kimoja kwako. Ukihamisha, kitu ni kimoja tu, kinabadili mahali. Na katikati ya safari kuna saa ambayo hakipo huku, hakipo kule. Kipo juu ya baiskeli. Saa hiyo ndiyo inayokula mafaili."

"Sasa nisihame? Kijiji chote kimehama!"

"Hama. Ila nakili kwanza. Peleka. Hakikisha kimefika kizima. Halafu ndipo uondoe cha zamani. Wewe ulianza na kuondoa."

Aliingiza karatasi mbili kwenye mashine na kaboni katikati, akachapa fomu mpya. Alipomaliza alimpa Melkizedek ile ya juu, naye akashika ile ya zamani.

"Tunahakiki. Mimi nasoma, wewe unatazama yako. Kama ipo, sema ipo. Jina: Fausta Melkizedek."

"Ipo."

"Shule aliyosoma: Milindo."

"Ipo."

"Shuka mbili nyeupe."

"Ipo."

"Blanketi moja. Ndoo moja."

"Ipo. Ipo."

"Jembe moja."

"Ipo."

Bibi Siwema aliinua kichwa. "Jembe lipo?"

Melkizedek alitazama. Akatazama tena. Baada ya ndoo kulikuwa na sabuni. Jembe halikuwapo.

"Nimeliruka makusudi," alisema Bibi Siwema. "Nawe umesema lipo."

"Nilikuwa..." Melkizedek alijikuna. Kule Milindo alikuwa msoma masomo kanisani, na kwa miaka ishirini alikuwa akiitikia sala kila Jumapili. "Nilikuwa naitikia tu, bibi."

"Najua. Ninyi wa misheni wote mko hivyo. Mtu anasoma, mnaitikia. Sauti nzuri, macho yamefumba. Kuhakiki si kuitikia, ndugu. Macho yaguse kila neno. Mwanao angefika bila jembe, na shule za siku hizi hazipokei mtoto asiye na jembe."

Alichapa upya. Safari hii Melkizedek alitazama mpaka macho yakauma. Walipomaliza, Afisa Elimu alitia sahihi na kugonga mhuri. Nakala ya kaboni ilirudi kwenye faili, faili likarudi kwenye rafu.

"Jambo jingine," alisema Bibi Siwema akimsindikiza. "Mafaili mawili yakiwa na jina moja, usitupe hata moja. Lipe kila moja jina la lilikotoka, kisha fungua, hesabu karatasi, linganisha ya kwanza hadi ya mwisho. Na hata ukishajua kwamba moja halina kazi, usilitupe siku hiyo. Weka sanduku pembeni. Likae humo mwezi mzima, kimya. Ikifika mwisho wa mwezi hakuna aliyeliulizia, ndipo mwite muuza karanga."

"Na wa kuhakiki nami? Pale kijijini nani anasoma vizuri?"

"Usitafute anayesoma haraka. Anayesoma haraka huona anachotarajia kuona. Tafuta anayesoma polepole."

Melkizedek alimfikiria mtu mmoja. Basi lilipomshusha Nguvumoja, jua lilikuwa bado liko juu ya milima, na Katarina na Fausta walikuwa wamesimama kando ya barabara. Aliinua fomu juu. Fausta alipiga yowe moja kali, mpaka kuku wa mwenyekiti wakaingia ndani.

Jumamosi hawakumruhusu Fausta kuigusa fomu kabla ya kunakiliwa. Fausta aliandika nakala. Baba alisoma. Mama alihakiki kwa kidole. Kazi ya nusu saa ilichukua saa mbili.

"Tarehe," alisema Katarina. "Hapa pana ishirini. Fausta ameandika kumi na mbili."

"Nimechanganya, mama."

"Rekebisha."

Nakala ikalala kwenye sanduku la bati, chini ya kitenge cha harusi. Melkizedek alitazama kifuniko kikifungwa, asitamke neno serikalini.

Fausta aliondoka Jumapili baada ya ibada, na godoro lake na jembe lake. Basi lilipotoka, vumbi lake lilikaa hewani muda mrefu. Katarina alisimama pale hadi vumbi likashuka lote.

Jumatatu asubuhi Serikali haikupanda baiskeli. Ilikwenda kwa miguu kwa mwenyekiti wa kijiji, mzee Kasian.

"Mwenyekiti, yale mafaili ya zamani bado yako Milindo."

"Ndiyo, nawe una bahati," alisema Kasian. "Vijana wanapanda leo kuezua mabati ya ile ofisi. Zahanati inasubiri paa. Watakuletea na mafaili yako kwenye gunia."

"Hapana."

Kasian alidhani hakusikia vizuri. "Hapana nini?"

"Hakuna bati litakalotoka mpaka karatasi ya mwisho iwe imefika hapa na imehesabiwa. Nipe wiki tatu."

"Melkizedek! Wagonjwa wanyeshewe kwa ajili ya karatasi?"

"Ofisi ya Milindo ni mzee. Ile ya hapa bado mtoto. Tusimzike mzee kabla mtoto hajasimama."

Kasian alinung'unika, lakini alitoa wiki tatu.

Basi, kila asubuhi walipanda mlima, mume na mke, na viazi vya kuchemsha kwenye kikapu. Milindo ilikuwa kimya. Nyasi zilikuwa zimeota milangoni. Migomba ilizaa bila mwenyewe, na ndege walikula wapendavyo. Kile kipande cha reli kilikuwa bado kinaning'inia kanisani. Siku ya kwanza Katarina alikipiga mara moja kwa jiwe, taratibu. Sauti ilishuka mpaka mtoni, kama zamani. Walisimama wakiisikiliza hadi ikakoma.

"Basi," alisema Katarina. "Tufanye kazi."

Waliketi kwenye ngazi ya ofisi. Walihesabu karatasi za kila faili, wakaandika idadi kwenye daftari. Juu ya kila jalada Melkizedek aliandika namba, jina, *Milindo*, na mwaka. Karatasi muhimu, kama kumbukumbu za watoto waliozaliwa, walizinakili, na Katarina akazihakiki. Pale palipotolewa karatasi ili inakiliwe, waliweka kadi yenye maneno: *Iko kwa Melkizedek, tarehe fulani.* Wakati mwingine Melkizedek alikuta jina la mtu aliyekwisha kufariki, na wote wawili walisimulia kidogo habari zake kabla ya kufunua karatasi inayofuata. Nakala zilishuka kwanza. Zilipofika salama, ndipo mafaili yenyewe yalipofuata, mawili mawili, ndani ya plastiki, si kwa gunia.

Katikati ya wiki ya tatu ilikuja barua ya Fausta. Katarina aliisoma mwenyewe, kwa sauti, mbele ya ofisi, na watu walisimama kusikiliza.

"*Shikamoo baba, shikamoo mama. Nimepokelewa. Mwalimu alisoma fomu, akahesabu vitu vyangu, akanipa kitanda cha tatu karibu na dirisha. Wasichana wawili wamerudishwa makwao kwa kukosa fomu. Jembe langu ndilo kali kuliko yote.*"

Katarina aliikunja barua. Watu wa Chambelo ndio waliopiga makofi kwanza.

Ijumaa ya mwisho mafaili yote tisa ya zamani yalikuwa Nguvumoja. Vijana walikuwa wamekwisha kupanda Milindo na ngazi, wakisubiri ruhusa. Mwenyekiti Kasian alisimama mlangoni mwa ofisi mpya.

"Sasa tuezue?"

"Tunahesabu," alisema Melkizedek.

Walihesabu. Daftari lilisema mia mbili na kumi na nne. Mezani zilikuwa mia mbili na kumi na tatu.

"Moja tu!" alisema Kasian. "Karatasi moja, ndugu yangu!"

"Hesabu tena," alisema Katarina.

Mia mbili na kumi na tatu.

Melkizedek alichukua baiskeli. Alipanda mlima akiisukuma, akawakuta vijana wamekwisha kuegemeza ngazi. Aliwaambia washuke. Aliingia ofisini, akavuta kabati mbali na ukuta. Nyuma yake, imebanwa kwenye ufa, ilikuwapo karatasi moja ya njano. Aliishusha kijijini mfukoni, karibu na zile kalamu tatu, na kuiweka mezani.

Kasian aliinama kuitazama. Ilikuwa kumbukumbu ya kuzaliwa ya mwanawe wa mwisho, aliyekuwa anatakiwa kuanza darasa la kwanza mwaka ule.

Mwenyekiti alikohoa. Alikohoa mara ya pili. Kisha akavua kofia yake na kukaa kwenye benchi la wageni, kama mtu aliyekuja kuomba kitu.

Melkizedek alichovya pedi ya mhuri, lakini hakugonga. Alimgeukia mkewe. Katarina alipitisha kidole chake kwenye daftari, faili la kwanza hadi la tisa, polepole, bila kuruka hata mstari mmoja. Kijana wa kupeleka ruhusa Milindo alisubiri nje, mguu mmoja juu ya pedeli.

"Mama Fausta," ilisema Serikali. "Tuezue?"

Kidole kilifika mstari wa mwisho. Kilisimama hapo kidogo.

"Ezueni," alisema Katarina.